Muhuri wa Zaire

Jumatatu tarehe 31 Januari 2000 soko la Kadutu halikufunguliwa. Mama alijua tangu Jumapili, kwa sababu wito wa mashirika ya raia ulikuwa umeenea mji wetu wote wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukitaka watu wabaki majumbani juma zima, lakini tayari alikuwa amekopa beseni mbili za sambaza kwa wavuvi wa ziwa Kivu, na samaki hawangoji siasa. Akakesha akikaanga.

Tangu Agosti 1998 tulitawaliwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda lililowaunga mkono. Kinshasa tuliisikia redioni tu. Walimu wetu walilipwa na wazazi, na kodi ya soko ilikwenda tusikokujua. Krismasi iliyotangulia, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, ambaye tarehe 12 Februari angehamishiwa Butembo kwa nguvu, alikuwa ameandika barua ya kuwashutumu wageni hao na Wakongo wenzetu walioshirikiana nao. Mai-Mai, wanamgambo wa Kikongo waliowapinga, walipigana milimani. Sisi wa mjini tulifunga milango.

Mnamo saa nne mtoza kodi alibisha hodi. Alikuwa mtumishi wa serikali tangu enzi za Mobutu, mzee mpole mwenye koti lililochakaa, na nadhani alikuwa na miaka mingi bila mshahara. Alidai kodi ya meza.

"Papa, meza iko sokoni, mimi niko hapa," Mama alimjibu. "Nenda ukaidai yenyewe."

Hakucheka. Aliketi, akasema kwamba wakubwa wake wanataka majina ya wote waliogoma. Mama alimletea bugali na sambaza, naye akala taratibu, bila kuinua macho, hadi sahani ikabaki tupu. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaandika kwa Kifaransa kizuri kwamba mwenye meza ni mgonjwa, akaigonga muhuri. Mimi, niliyekuwa darasa la sita, niliusoma: Jamhuri ya Zaire, nchi iliyokuwa imebadilishwa jina tangu Mei 1997.

Jumatano askari wawili walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kwa nini meza ziko tupu. Mama aliwapa karatasi ile. Waliigeuza huku na huku, wakautazama muhuri kwa muda, wakamrudishia kwa mikono miwili.