Uzoefu wangu: kuhakikisha kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Namba hii ni 2 kipeo cha 31, ukitoa 1. Mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772 kwa kujaribu vigawo. Mimi hapa Bukavu nilitumia jaribio la Lucas na Lehmer, njia ya kupima utasa wa namba za aina ya 2 kipeo cha p, ukitoa 1.

Kabla ya jaribio kuna mchujo, na wengi wanauruka bure. Kipeo p lazima kiwe tasa, ila hilo peke yake halitoshi. Kigawo tasa chochote cha namba ya aina hii kina umbo la 2kp + 1 (k ni 1, 2, 3 na kuendelea), na ukikigawanya kwa 8 kinabakiza 1 au 7. Chukua p = 29. Zinajitokeza 59, 117, 175, 233. Ya kwanza inabakiza 3, itupe. Mbili zinazofuata si tasa. Gawanya 536,870,911 kwa 233: 2,304,167 kamili. Imeanguka kwa mgao mmoja tu.

Kwa p = 31 mchujo haukunasa kitu, basi nikaanza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoijaribu, shika baki. Rudia mara p − 2, yaani 29. Ukiishia 0, ni tasa. Jizoeze kwanza na 127, ambako p = 7: 4, 14, 67, 42, 111, 0.

Baki halihitaji kugawanya kwa 127. Tazama 67 × 67 − 2 = 4,487. Humo 128 imeingia mara 35, zikasalia 7; 35 + 7 = 42. Kwa mashine ni kukata biti (tarakimu za 0 na 1) 7 za chini na kuzijumlisha na zilizo juu. Hatua ya mwisho ina mtego: 12,319 inatoa 96 + 31 = 127, na 127 hapa ni 0. Usipoiandikia programu hivyo, itakataa namba tasa halali.

Nilipokwama ni kwenye programu ya majedwali. Kwa p = 31, hatua nne zilitoka safi: 14, 194, 37,634, 1,416,317,954. Ya tano mraba unafika tarakimu 19, nayo inashika 15 tu. Mkia unageuka sifuri bila onyo lolote. Jibu sahihi ni 669,670,838. Nikahamia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo namba zake kamili hazina kikomo hicho.

Jaribio hili halikutajii vigawo. Kwa 2,047, ambako p = 11, linaishia 1,736: si tasa, basi, 23 × 89 utazitafuta mwenyewe.

Ukipanda kwenye p ya makumi ya maelfu, umeme ukikatika unaanza upya. Kila hatua 1,000 hifadhi p, hatua na baki, kwa zamu katika mafaili mawili, kwa sababu likikatika lile linaloandikwa, la pili limesalimika.