Nilivyoyamudu maswali ya "taarifa zinatosha?" kwenye GMAT

Tangu mwishoni mwa 2023 maswali haya ya GMAT, mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili ya biashara, yamehamia sehemu ya Data Insights (uchambuzi wa data): maswali 20, dakika 45, yaani dakika mbili na robo kwa swali. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila hapa nilikuwa nakiacha, kwa sababu huulizwi jibu ni ngapi. Unapewa swali na taarifa mbili, kisha unaulizwa kama zinatosha kulipata jibu.

Machaguo hayabadiliki, kwa hiyo niliyakariri. A: taarifa ya 1 peke yake inatosha, ya 2 peke yake haitoshi. B: kinyume chake. C: mpaka uziunganishe. D: kila moja inajitosheleza. E: hata zikiunganishwa hazitoshi. Kila swali niliandika AD juu, BCE chini. Taarifa ya 1 ikitosha, nakata BCE. Isipotosha, nakata AD. Kisha naifunika kwa kidole na kusoma ya 2 kana kwamba ya 1 haipo. Kidole hicho kilinisaidia sana, maana taarifa ya kwanza hung'ang'ania kichwani.

Swali nililojitungia hapa Mbeya: mteja sokoni Mwanjelwa kanunua maparachichi, kila moja Sh 700, na ndizi, kila moja Sh 300, angalau tunda moja la kila aina. Maparachichi mangapi? (1) Kalipa Sh 2,700. (2) Matunda yote ni 5.

Wengi hukimbilia C: visivyojulikana viwili, milinganyo miwili. Lakini matunda haya hayauzwi nusu. Maparachichi yakiwa p na ndizi n, ukigawa taarifa ya 1 kwa 100, 7p + 3n = 27. Parachichi 1 linabakiza 20, mawili yanabakiza 13. Zote hazigawanyiki kwa 3. Matatu yanabakiza 6, ndizi 2. Manne yanapita 27. Ya 2 peke yake inaruhusu parachichi 1 hadi 4, haitoshi. Jibu ni A. Sasa futa "angalau tunda moja la kila aina": parachichi 0 na ndizi 9 zinaingia, na jibu linakuwa C. Ndiyo maana nilipigia mstari kila sharti kabla ya kugusa taarifa.

Maswali ya ndiyo au hapana yana mtego wake. Je, x ni chanya? (1) x² = 9. (2) x³ = −27. Ya 1 inatoa 3 na −3, haitoshi. Ya 2 inatoa −3 tu, yaani hapana ya uhakika, na hapana ya uhakika inatosha: B.

Pasipoandikwa "namba kamili", nilijaribu 0, 1, namba hasi na ½. Majibu mawili tofauti yakitokea, taarifa hiyo haitoshi, sikuendelea kukokotoa.