Fuwele Niliyopanda Nayo Mrima

Mlima Mrima uko Kwale, upande wa Lunga Lunga, na msitu wake ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo. Wanajiolojia huusifia niobi na madini adimu. Mimi ulinivuta kwa thoriamu, elementi yenye mionzi: udongo wake unayo nyingi, hata mionzi ya asili pale huzidi sana ya sehemu za kawaida. Nilipokubaliwa kuupima kwa ajili ya shahada ya uzamili, ilinibidi kwanza nichague probu, yaani kifaa cha kunasa mionzi.

Fundi mkuu wa maabara, mzee ambaye karibu kila kifaa kilikuwa kimepita mikononi mwake, alizipanga mezani, akaniuliza, "Unataka kujua mionzi ni mingi kiasi gani, au inatoka kwenye nini?"

Nilitaka yote mawili, ila la pili ndilo lililoninyima usingizi. Watu wanaoishi chini ya mlima hujengea udongo, na wana haki ya kuambiwa jambo la hakika. Basi mrija wa Geiger ukaondolewa: unahesabu tu, haubagui nishati, na miale mingi ya gama huupita bila kuugusa. Plastiki ya sintilesheni, ile inayometa ikipigwa na mionzi, ikafuata, kwani haitoi vilele kwenye grafu ya nishati vya kutambulisha elementi. Kulikuwa pia na fuwele nyembamba ya milimita chache, nayo humeta ikipigwa na mionzi, nzuri kwa miale dhaifu kama ya amerisiamu-241, keV 59.5 (keV ni kipimo cha nishati ya mwale). Lakini thoriamu hujulikana kwa kitukuu chake, thaliamu-208, inayozaliwa thoriamu inapooza hatua kwa hatua, yenye mwale wa keV 2,614. Fuwele ile isingeuzuia.

Fuwele ya bromidi ya lanthanamu ndiyo niliyoitamani, kwani kilele chembamba hutenganisha elementi vizuri zaidi. Kwenye keV 662 za sizi-137 upana wa kilele chake ni kama asilimia 3, wakati iodidi ya sodiamu huwa na 7 hivi.

"Iwashe bila chanzo chochote," mzee akasema. Tukasubiri. Kilele kikapanda jirani kabisa na keV 1,461, mahali pa potasiamu-40 ya udongoni. Kilikuwa cha fuwele yenyewe: lanthanamu-138 iliyomo ndani hutoa keV 1,436. Kwa kazi nyingine ningeichukua bila kusita, lakini mlimani nilihitaji kutenganisha potasiamu, urani na thoriamu.

Ikabaki iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu, ile aliyoivumbua Robert Hofstadter mwaka 1948. Tulikuwa na ya inchi 2 kwa 2 na ya 3 kwa 3. Kubwa ina ujazo zaidi ya mara 3 ya ndogo, na kwa mwale mkali kama ule wa thaliamu-208 ujazo ndio kila kitu. Fuwele peke yake ina zaidi ya kilo 1, bado kasha na mrija wa kukuza mwanga wa fuwele. Nikaichukua. Mzee akaifunga blanketi, akanionya nisiitoe ghafla kwenye baridi kuipeleka juani isije ikapasuka, na kila joto likibadilika nikague kilele cha potasiamu kama kimehama.

Wazee wa kaya walituruhusu, mmoja akatusindikiza. Kwenye mteremko wenye udongo mwekundu nikaiweka chini, na muda si muda kilele cha 2,614 kikasimama wazi.

"Kinasema nini, mwanangu?" mzee wa kaya akauliza.

"Kinasema ni thoriamu, mzee. Urani ipo, lakini kidogo."

Akafikiri, kisha akaniomba nikapime kuta za nyumba yake. Tukashuka mchana ule ule.