Mkate Kwanza, Horebu Baadaye

Somo: 1 Wafalme 19:4-8

Elia alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamrudia mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu, ya Mungu, aliisikia baadaye, katika mlima Horebu.

Sisi twapenda kuanzia Horebu, maneno kabla ya mkate. Ndugu akitoka mangweni, huko kilabuni, akasema pombe imemchosha, twamfungia chumbani siku tatu, mfungo na maombi. Kwa mtu anywaye kila siku, ambaye asubuhi mikono haitulii mpaka atoe loki, yaani anywe kidogo kuituliza, hilo laweza kumuua. Ubongo wake umezoea kutulizwa na pombe. Ikikatwa ghafla, unachachamaa. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuanguka kifafa hutokea zaidi ndani ya saa 48. Siku ya pili hadi ya nne aweza kupandwa na homa, akaweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na hapo ndipo wengi wetu twaanza kukemea pepo. Ni arosto ya pombe hiyo, mwili unaidai pombe uliyoizoea. Mkimbizeni hospitali, Makadara au Port Reitz hapa Mombasa, usiku uo huo.

Huko atapewa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepam, ikipunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1, maana mnywaji wa kila siku hula kidogo sana. Msimnunulie tembe hizo dukani: zikikutana na pombe, pumzi yaweza kukata. Akianguka njiani, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Na akisema macho yamefifia baada ya chang'aa, huenda ni methanoli, msingoje kuche.

Anayekunywa chupa mbili za bia Jumamosi tu hahitaji wodi. Muulizeni: wanywa kila siku? Watetemeka asubuhi? Uliwahi kuanguka ulipoacha? Hilo la mwisho likiwa ndiyo, hakuna mjadala, ni hospitali.

Mwili ukishatulia, kwa kawaida baada ya wiki hivi, ndipo maneno yafaa: mshauri nasaha, vikao vya AA, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha, na simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, 1192. Mke anayepigwa asiambiwe avumilie huku tukimwombea mumewe. Apewe namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, nayo ni bure, na mahali pa kulala yeye na watoto.

Kuhusu Meza ya Bwana, wazee watie juisi ya zabibu katika vikombe vyote. Kikombe kimoja cha pembeni humwanika ndugu mbele ya kanisa zima.