Jana tumepiga makasia Henley

Yaani mikono bado inauma lakini acha niandike leoleo. Jana tumeshindana Henley Royal Regatta, pale Henley-on-Thames, Uingereza, mashindano ya makasia yapo toka 1839 jamani, na timu yetu ya shule tuliingia Princess Elizabeth Challenge Cup, ile ya boti za watu nane za shule. Kule hampangwi boti sita sita, ni mbili tu bega kwa bega, ukifungwa umetoka. Mita 2,112 mnapanda mto, mnaanzia Temple Island, na pembeni magogo yanaelea mwanzo mwisho kutenga njia ya boti.

Mi nilikaa namba tano. Pale starti kimyaaa, nasikia moyo wangu tu na mshika usukani wetu anatuambia tupumue. Bendera ikashuka tukaondoka kwa nguvu zote, tukawatangulia kama nusu boti hivi, halafu katikati kasia la mwenzetu likanasa majini, boti ikayumba, wale wakapita. Tukaanza kuwafukuza, wote nane mvuto mmoja, sijawahi kuhisi boti ikinyanyuka vile!! Watu kandokando ya mto wanapiga kelele mpaka mshika usukani tukawa hatumsikii tena. Wametufunga kama robo tatu ya boti.

Mwenzetu alilia sana, tukamkumbatia wote palepale gatini. Kushika simu nakuta mama kapiga mara saba kutoka Mombasa, nikampigia, hata matokeo hakuuliza, kasema tu "mwanangu, ushakula?" na mi nikalia.