"Mjomba, huyo hana hata kombe"

Mpwa wangu kaja na ubishi wake: Mwanasoka gani wa Kimarekani ametamba zaidi Ulaya? Jibu analo tayari. Pulisic. Dortmund, Chelsea, medali ya Ligi ya Mabingwa 2021, kisha Milan. Nikamwambia wangu mimi ni Clint Dempsey. Akaniangalia kwa huruma. "Mjomba, huyo hana hata kombe."

Huko Ulaya kweli hana, sikuwa na la kumjibu. Sasa yeye kalala, mimi usingizi umenipaa, bora niandike.

Dempsey alizaliwa 1983 Nacogdoches, mji mdogo mashariki mwa Texas, mahali ambapo ukisema mpira watu wanafikiria ule wa helmeti. Soka aliiokota mitaani, akicheza na vijana na watu wazima wa Kimexico ambao hawakuwa na habari kwamba huyu ni mtoto. Chandimu tupu. Familia ilikuwa inaishi kwenye trela. Timu ya maana ilikuwa Dallas, saa tatu kwa gari kwenda tu, na hela ya nyumbani haikutosha watoto wawili. Dada yake Jennifer alikuwa na kipaji cha tenisi, ikabidi Clint aache kwenda Dallas. Mwaka 1995 Jennifer akafariki ghafla, mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Alikuwa na miaka 16. Kwa hiyo mkimwona kwenye video za zamani amefunga halafu anatazama juu, msidhani ni mbwembwe.

Fulham, klabu ya London, walimleta Januari 2007 kutoka New England Revolution ya Marekani, kwa dola milioni 4. Alikuwa na miaka 23, umri ambao Pulisic alikuwa ameshabeba Ligi ya Mabingwa. Miezi ile ya kwanza alifunga bao moja tu la ligi, Mei, dhidi ya Liverpool, 1-0. Fulham ikanusurika kushuka kwa pointi moja. Sijui mpwa wangu bao la namna hiyo angelipa medali gani.

Halafu Alhamisi ya 18 Machi 2010, Fulham na Juventus, marudiano ya Ligi ya Europa. Juventus walishashinda 3-1 Italia, na pale Craven Cottage, nyumbani kwa Fulham, dakika ya pili tu Trezeguet wa Juventus akafunga. Kibanda umiza chetu kikaanza kupukutika. Watu wa Liverpool wakadai chaneli ibadilishwe, maana timu yao nayo ilikuwa inacheza na Lille usiku uleule. Mwenye kibanda akagoma, sijui kwa uvivu au kwa imani. Zamora wa Fulham akasawazisha. Cannavaro, beki wa Juventus, akala nyekundu. Gera wa Fulham akapiga la pili, kisha la tatu kwa penalti, na sasa jumla ni 4-4. Waliotoka wakaanza kurudi, na mwenye kibanda akawatoza upya!

Dempsey aliingia kipindi cha pili akitokea benchi, siku chache tu tangu apone goti. Dakika ya 82 akapewa mpira kwenye kona ya boksi, upande wa kulia, mabeki wako mbele yake. Mtu mwenye akili zake angepiga krosi au kurudisha nyuma. Yeye aligeuka, akauchokonoa kwa chini, mpira ukapanda taratibu, ukampita kipa Chimenti na kuangukia pembe ya mbali. Haukuwa na kasi hata kidogo. Makocha wa Ulaya hawakumfundisha lile. Lile ni la uwanja usio na goli lenye nyavu, ambako ukipaisha mpira unaufuata mwenyewe.

Fainali ya Ligi ya Europa, Hamburg, dhidi ya Atlético Madrid, akaingia tena akitokea benchi, Mmarekani wa kwanza kucheza fainali kubwa ya klabu za Ulaya kwa wanaume. Forlán wa Atlético akawamaliza dakika ya 116. Medali ya fedha, basi.

Msimu wa 2011/12 alifunga mabao 17 ya ligi, matatu kati ya hayo siku moja dhidi ya Newcastle. Hapo ndipo aliponikera. Alitaka Ligi ya Mabingwa, akasusa mwanzo wa msimu uliofuata, na siku ya mwisho ya dirisha akaenda Tottenham. Sasa angalieni mkosi: Spurs, yaani Tottenham, walikuwa wamemaliza wa nne, lakini Chelsea waliomaliza wa sita walibeba Ligi ya Mabingwa wakachukua nafasi yao. Mwaka uliofuata Spurs wakawa wa tano, pointi moja nyuma ya Arsenal. Agosti 2013 akarudi Marekani, Seattle, bila kucheza hata mechi moja ya mashindano aliyoyakimbilia.

Fulham aliwaachia mabao 50 ya Ligi Kuu. Hakuna aliyewahi kuwafungia mengi hivyo kwenye ligi hiyo kabla yake, na angebaki miaka mingine miwili mitatu angeyafikisha 70. Kombe asingelipata pia, hilo nakubali.