Maji nyuma ya tailizi za shawa, nilivyoyatafuta mpaka nikayapata

Kilichonishtua kwanza ni kanga. Nafungua kabati nitoe ya kwendea msibani naisikia inanuka uvundo, na ilikuwa imefuliwa ikapigwa pasi vizuri tu. Nikaona labda ni hali ya hewa, maana sisi wa Tanga tunaijua, joto na unyevu wa bahari nguo zinashika harufu hata kabatini. Wiki mbili baadae tukasogeza lile kabati tufagie, nyuma yake rangi imefanya malengelenge, chini karibu na sakafu ukuta umetoa unga mweupe wa chumvi, ukigusa umepoa na umelowa. Upande wa pili wa ukuta ule ndo bafuni, ndo penye shawa. Ilikuwa Februari, jua kali, masika bado kabisa, kwa iyo mvua nikaitoa kwenye hesabu siku ileile.

Fundi wa kwanza alivoangalia akasema dada hii grauti, yaani ile ya kujaza mianya kati ya tailizi, imekufa, nakupigia nyingine imeisha hiyo. Akakwangua, akapaka, nikalipa. Hamna kilichobadilika. Wa pili akasema ni bomba, akapiga tindo palepale usawa wa doa, akavunja tailizi sita nzuri kabisa, bomba likaonekana kavu. Zile tailizi hazipatikani tena, nimezunguka maduka ya vifaa Ngamiani barabara kwa barabara sijaona zinazofanana, bado linaniuma mpaka leo. Hapo ndo nkasema havunji mtu tena humu ndani mpaka nijue haya ni maji gani.

Maana nilivyojua mimi wakati ule, bafuni maji ya kuvuja yapo ya namna tatu na kila moja lina tabia yake. Kuna ya bomba lenye presha saa zote, hilo linavuja usiku na mchana hata nyumba nzima mmelala. Kuna yanayotoka, yaani kwenye tundu la sakafuni na bomba la maji machafu, hayo yanavuja pale tu mtu anapooga. Na kuna yanayopiga ukuta yakapenya kwenye grauti na kwenye kona, maana grauti sio kizuizi cha maji hata ikiwa mpya, inanyonya.

Kila mtu anakwambia angalia mita. Sawa, ila kwetu maji yanaingia kwanza kwenye tanki la juu alafu ndo yanashuka ndani, kwa iyo mita ukiiona inazunguka usiku inaweza ikawa boya tu limefungua tanki linajaa, na ukiiona imesimama haikwambii lolote kuhusu bomba za ndani maana tanki ndo linazilisha. Mi nilifanya hivi, saa tatu usiku watu wote wameshaoga nikafunga koki inayoingiza maji kwenye tanki, nikatumbukiza fito mpaka chini, pale maji yalipoishia nikatia alama. Asubuhi kabla hakujafunguliwa bomba lolote nikapima tena. Alama ileile. Basi bomba lenye presha saa zote halina kosa, na ndo maana hata bili haikupanda. Bili ndo ilinipoteza muda mrefu, nlikuwa najiambia ingekuwa bomba bili ingesema.

Ya pili nikaziba tundu la sakafuni, kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni nikakishindilia, nikajaza maji pale chini ya shawa mpaka karibu na kizingiti, nikachora mstari kwa penseli. Masaa matatu maji hayajashuka. Alafu nikazibua yakaondoka kwa mkupuo, nikakimbia chumbani kushika ukuta, doa halijaongezeka. Sakafu na bomba la kutolea nikaviacha.

Ya tatu ilihitaji subira ya nyumba nzima. Wiki nzima tukaoga kwa ndoo na kata, shawa haiguswi, watoto walilalamika sana lakini tukaenda nayo. Doa likaanza kukauka pembeni. Wiki ya pili bado tunaoga kwa ndoo ila kila jioni namwagia zile tailizi kwa kata kuanzia juu kabisa, nusu saa nzima. Doa likaendelea kukauka. Sasa kama sio sakafu, sio tailizi, sio bomba la presha, limebaki nini?

Jibu alinipa mzee mmoja fundi bomba wa mtaani kwetu, nilimwamkia tu njiani nikamsimulia. Akaniuliza, mwanangu, kile kipande cha kutoka kwenye koki kwenda juu kwenye shawa ulikipima? Sikuelewa. Akanieleza kwamba pale koki ikifungwa kile kipande hakina presha yoyote, kinapata maji pale tu mtu anapofungulia, kwa iyo vipimo vyote vya usiku vinakiruka. Akanambia toa kichwa cha shawa, ziba kwa plagi ya nusu inchi, fungulia koki uiache. Nilifanya jioni hiyohiyo. Haikupita saa moja, nimeweka sikio ukutani chumbani nasikia shh, juu kabisa, usawa wa kichwa changu na zaidi, wakati doa lipo chini usawa wa goti! Kumbe maji yalikuwa yanashuka na ule mfereji waliouchimba kupitisha bomba mpaka yakute pa kutokea, ndo maana yule fundi alivunja pakavu.

Na tulitengenezea chumbani, nyuma ya kabati, yaani tailizi haikuguswa hata moja, ni plasta na tofali tu. Elbo, kile kiungo cha kona kinachoshika mkono wa shawa, walikuwa wameizamisha sana ndani ya ukuta, mkono wa shawa ukawa umeshika nyuzi mbili tatu tu. Mzee akaweka ekstensheni ya shaba, kipande cha kurefusha, tepu akazungusha kufuata uzi, tukarudisha plagi, presha ikalala hapo usiku kucha ukuta ukiwa wazi. Pakavu. Kuziba hatukukimbilia, wiki tano feni inapuliza, chumvi nikiisugua kwa brashi kavu, sio kitambaa cha maji maana ukiiosha inayeyuka inarudi humohumo ukutani.

Bafu la mama kule uani lilikuwa bado linajengwa, nikalisimamia mwenyewe. Bomba zilijazwa presha zikalala usiku mzima kabla ya plasta, na plagi ikiwa juu kwenye shawa. Dawa ya kuzuia maji ikapigwa mikono miwili juu ya plasta, wa pili ukikatiza wa kwanza, kitambaa chake kwenye kona zote, sakafu na ukuta wa shawa mpaka juu, alafu tukajaza maji sakafuni masaa 24 ndo fundi tailizi akaruhusiwa kuingia. Kona ni silikoni sio grauti, kwa sababu ukuta na sakafu vinacheza kidogo na grauti inapasuka. Mteremko sentimita mbili kila mita kuelekea tunduni, nlishika pimamaji mwenyewe. Na kabla ya kufunika kitu nilipiga picha kila ukuta na futi kamba ikiwa imeshikiliwa kwenye bomba.

Huku ndani kwangu picha hazikuwepo, kwa iyo nimeandika kwa maka peni nyuma ya mlango wa kabati: elbo ya shawa, sentimita 204 toka sakafuni, 61 toka kona ya dirisha.